Kola Iliyokatwa kwa Barua

"Binti yako mkubwa akienda chuo, nani atakutungia uzi sindanoni?"

Jirani yetu fundi saa aliniuliza hivyo asubuhi moja, jicho lake moja likiwa ndani ya saa ya mtu. Alikuwa anatania. Meza yake na cherehani yangu zinatazamana kwenye baraza moja, na bila utani siku haiendi. Nilicheka, nikamwambia Mungu hamnyimi mtu macho akamnyima na watoto. Sikuangalia nani mwingine alikuwa anasikiliza.

Kitinda mimba wangu alikuwa chini ya meza akiokota vifungo. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na sote tulimwita Kifungo, kwa sababu alipokuwa anatambaa alimeza kimoja akatukosesha raha siku mbili nzima. Kila asubuhi kabla ya shule alifagia vipande vya nguo, na dada yake alinitungia uzi kwenye sindano kumi za kutumia mchana kutwa. Macho yangu ya karibu yaliniaga mwaka ule aliofariki baba yao.

Dada mtu alikuwa ameomba nafasi mahali pawili. Pa kwanza ni chuo kikuu cha serikali, mwendo wa siku nzima kutoka kwetu. Alikwenda kukiona, akarudi akisimulia kwamba wanafunzi wengine hukaa kwenye ngazi kwa kukosa viti, na mwalimu huongea kwa kipaza sauti kama yuko mnadani. Lakini maktaba ilikuwa na orofa tatu, na walifundisha uhandisi wa maji, kazi aliyoitamani tangu siku za kubeba ndoo kichwani. Pa pili ni chuo kidogo cha watu binafsi, ng'ambo ya soko letu. Darasa lilikuwa na watu ishirini na watano, na mkuu wa chuo aliwajua wote kwa majina. Huko hawakufundisha mambo ya maji, walifundisha kazi za maabara. Akisoma huko, angelala nyumbani.

Alipima huku na huku kama mtu anayechagua kitambaa cha harusi. Leo kikubwa, kesho kidogo. Barua ya chuo kidogo ilitangulia kufika, akasema hataijibu mpaka aone na ile nyingine.

Moyo wangu ulikuwa kwa kile kidogo. Yeye sikumwambia, nilimwambia Mungu. Katika sala ya alfajiri niliomba kwa sauti, "Mola wangu, njia ya mbali uifunge." Kifungo alikuwa kitandani ng'ambo ya chumba. Nilidhani amelala.

Barua zetu hupitia sanduku la posta la shule, na wiki iliyofuata mwalimu mkuu alimpa Kifungo bahasha ampelekee dada yake. Aliifungua nyuma ya ukuta wa shule, akasoma kwamba dada yake amekubaliwa chuo kikuu, na athibitishe kwa maandishi ndani ya siku kumi na nne. Kuichana aliogopa, kwa sababu ya muhuri. Akaisukuma ndani ya mfuko ninaowekea karatasi ngumu kuukuu, zile ninazozikata kwa umbo la kola au mfuko wa shati, kisha nikafuatisha kwa chaki juu ya kitambaa. Jioni dada yake alimuuliza kama kuna barua shuleni, akasema hakuna. Aliulizwa tena siku mbili nyingine. Uongo wa kwanza ulimtoa jasho. Wa tatu aliusema huku anatafuna.

Siku kumi na nne zikapita. Mkubwa akasema basi, wamemkataa. Mbele yetu hakulia. Alijiandikisha chuo kidogo, nami nikamshukuru Mungu. Niliona Kifungo hali vizuri, nikadhani ni minyoo, nikampa dawa.

Msimu wa sare za shule ukafika, msimu ambao hata fundi mbovu hupata kazi. Nikatia mkono mfukoni, nikatoa karatasi nzuri, ngumu. Ilikuwa na maandishi, lakini karatasi zangu zote zina maandishi, na kwangu mimi yote ni sisimizi. Nikaikunja, nikaikata kola. Kwa kola ile nilishona mashati arobaini.

Siku moja kabla ya masomo ya chuo kuanza, mkubwa aliketi kunisaidia kuchora. Aliiweka ile kola juu ya kitambaa, akachora upande mmoja, akaigeuza. Chaki ikasimama. Palikuwa na nusu ya muhuri, jina lake lote, na maneno "tunafurahi kukuarifu".

Hakuna aliyempiga mtu. Kifungo alisema mwenyewe.

"Mama aliomba njia ifungwe," alisema. "Nikaifunga."

Fundi saa alipiga simu chuo kikuu kwa niaba yetu. Karani akamjibu kwamba nafasi ile amepewa mwingine, na mwombaji ajaribu tena mwakani. Jirani yetu aliweka simu mezani taratibu. Akasema ana saa thelathini pale, na hakuna hata moja anayoweza kuirudisha nyuma ikamfaa mtu.

Mkubwa akaingia ndani kukunja nguo zake. Alisema atasoma chuo kidogo mwaka huo na mwakani ataomba tena kile kikubwa, lakini nyumbani hatalala, ataomba bweni siku hiyo hiyo. Kisha akamtazama mdogo wake.

"Labda ningebaki. Nilishaanza kuona uzito wa kuwaacha. Labda ningebaki kwa kupenda mwenyewe. Sasa hatutajua, mimi wala wewe."

Kifungo alipiga magoti kuomba msamaha. Mimi nikaona nisiposema siku hiyo sitasema tena.

"Mwanangu," nilimwambia, "ukimficha mtu barua yake umemwibia, hata kama umeificha kwa kumpenda. Aliyeiba mbuzi hulipa mbuzi. Aliyeiba uamuzi wa mwenzake, atalipa nini? Na mimi nina kosa langu. Ilinipasa nimwambie dada yako usoni kwamba naogopa kubaki peke yangu. Badala yake nikaitwika sala kazi ya ulimi wangu. Jambo linalomhusu mtu, aambiwe yeye."

Mkubwa alivuta kigoda, akatunga uzi kwenye sindano kumi, moja baada ya nyingine, akazichoma katika mto wangu wa sindano. Kola ya karatasi akaiacha pale pale juu ya kitambaa. Akabeba begi lake, akampita Kifungo mlangoni, akatoka.