Mgongo wa Zulia

Siku za kawaida, Mahbanu alipotoka shule alivua viatu mlangoni, akamsalimu bibi yake, akala, kisha akainyunyizia maji sahani ya ngano iliyokuwa ikichipua dirishani. Lakini wiki ile ya mwisho wa mwaka hata pa kuvulia viatu hapakuwepo. Nairuzi, sikukuu ya mwaka mpya, ilikuwa inabisha hodi, na katika mji wa Kashan Nairuzi haipokewi na vumbi. Nyumba nzima inakung'utwa: mapazia yanashushwa, makabati yanavutwa kutoka ukutani, balbu zinafutwa moja moja. Baba alikuwa juu ya ngazi, anasugua vioo kwa siki na magazeti makuukuu. Mama alikuwa amejifunga kitambaa kichwani, na hakutaka mzaha na mtu.

"We Kaveh! Ukikanyaga hapo na miguu hiyo, nitakukung'uta wewe pamoja na mito!"

Kaveh, mdogo wake Mahbanu, mwenye miaka sita, aliruka mpaka kwenye kizingiti na kukaa hapo huku akicheka.

Bibi alikuwa amehamishwa mara tatu tangu asubuhi, yeye na kiti chake. "Leo nimekuwa kabati," alilalamika. "Mwishowe mtanianika na mimi."

Kazi kubwa kuliko zote ilikuwa zulia la Bibi. Alilifuma kwa mikono yake alipokuwa msichana, miaka miwili mizima, akalitia ua jekundu katikati na ukingo mweupe pembeni. Kila mwaka unapogeuka, Bibi huketi juu ya zulia hilo na si jingine, na watoto na wajukuu huja kumbusu mkono hapo hapo. Mwaka huu alikuwa ameugua kifua kipindi chote cha baridi. Watu walikuwa wamekwisha kukata tamaa, ila yeye hakukata.

"Nitaukaribisha mwaka nikiwa juu ya zulia langu," alisema. "Nilijiwekea nadhiri kitandani." Basi nani angembishia?

Jumapili alikuja Bi Shokat, mjane wa mtaa wa nyuma. Kuosha mazulia ya watu kabla ya Nairuzi ndiko kulikomlisha yeye na binti zake wawili, na hakuna aliyemshinda kazi hiyo. Alilipiga zulia mpaka likatema vumbi la mwaka mzima. Akalitandaza juu ya paa tambarare la nyumba, akalisugua kwa sabuni, akalisuuza, akasukuma maji kwa kibao mpaka yakatoka meupe. Kisha akalitundika kwenye ukuta wa paa, na kumwita Mahbanu.

"Njoo hapa, mwanangu. Kuosha nimeosha mimi, kukausha ni kazi yako. Siku tatu kamili, asubuhi na jioni unaligeuza. Na uso ukikauka, usiuamini! Uso hukauka mapema. Weka kiganja mgongoni. Ukisikia ubaridi, maji bado yamo."

"Nimesikia, Bi Shokat."

Jumatatu Mahbanu aligeuza zulia mara mbili, bila kukumbushwa. Jumanne ndiyo ilikuwa na mambo yake. Hiyo ilikuwa jioni ya kuruka mioto, jioni ambayo vijana wa Kashan huwasha vichaka vikavu vichochoroni na kuruka juu yake, wakiuachia moto magonjwa yao yote ya mwaka uliopita. Mama alikuwa amesema neno moja tu: "Zulia likikauka na kuingia ndani, ruhusa. Kabla ya hapo, sitaki kusikia habari ya moto."

Jua lilipoanza kushuka, sauti ya rafiki yake Nasim ikapanda kutoka kichochoroni.

"Mahbanu! Vichaka tele! Unakuja, au tukutafutie punda akubebe?"

Mahbanu aligusa uso wa zulia. Mkavu. Akapitisha kiganja mgongoni. Baridi! Baridi kama ukuta wa kisima. Akasimama pale anauma mdomo. Kicheko cha wenzake kilikuwa kinapanda mpaka paani, na moshi wa kwanza ulikuwa umeanza kunukia.

"Kaveh, njoo tuliviringishe."

"Lakini Dada, mbona huku nyuma kuna maji maji?"

"Wewe unajua nini kuhusu mazulia? Shika upande huo. Na ukinyamaza, zabibu zangu zote za leo ni zako."

Waliliviringisha, wakalishusha ngazi kwa kulikokota, wakalisukuma katika chumba cha matandiko, nyuma ya magodoro ya wageni. Mama alikuwa jikoni, mikono imejaa povu.

"Limekauka?"

"Limekauka."

"Hata mgongo?"

"Hata mgongo, Mama."

Jioni ile Mahbanu aliruka moto mara saba. Kusema kweli, alifurahi sana.

Njia ya mwongo ni fupi. Alhamisi asubuhi Mama alifungua chumba cha matandiko ili atoe mashuka ya wageni. Uvundo ukamlaki mlangoni.

"Panya amefia humu!"

Hakuwa panya. Walipolitandaza zulia uani, ukungu wa kijani ulikuwa umeota mgongoni mwake, na wekundu wa ua ulikuwa umechuja ukaingia katika ukingo mweupe. Bibi aliinama kutoka kwenye kiti chake, akaligusa kwa vidole viwili. Machozi yalimtoka, akayafuta kwa ncha ya mtandio.

Kumwona Bibi akilia kulimpandisha Mama hasira mpaka utosini. Alinyakua simu, akafungua kundi la wanawake wa mtaa, akarekodi humo ujumbe wa sauti.

"Jamani, jihadharini na Shokat! Zulia la mama mkwe wangu ameniachia limejaa maji, sasa limeoza. Msimpe kitu!"

Sema, Mahbanu alijiambia. Sema sasa hivi. Lakini Mama alikuwa amekwisha kurudi ndani. Kaveh alimvuta nguo.

"Dada, zabibu zako nitakurudishia. Zile nilizobakisha."

Haikupita saa moja, mlango ukagongwa. Alikuwa Bi Shokat, anahema, mikono yake bado ina sabuni.

"Nyumba mbili zimenikatalia asubuhi hii," alimwambia Mama. "Bi Mahin ametoa zulia lake majini, nusu limeoshwa na nusu bado! Binti zangu nimewaahidi viatu vya Nairuzi. Hebu nionyeshe nilichokosea."

Mama alimwonyesha kwa kidole. Bi Shokat alipiga magoti, akaweka kiganja mgongoni mwa zulia, akakiacha hapo kitambo. Kisha akamtazama Mahbanu. Alikuwa ameelewa yote. Mahbanu alisubiri atajwe jina.

"Basi," alisema Bi Shokat, akainuka taratibu. "Nitaliosha tena, sitaki malipo. Bibi asikose pa kukaa."

Laiti angefoka! Laiti angemtaja! Upole ule ndio uliomvunja Mahbanu.

"Si yeye!" alilia. "Si yeye, Mama, ni mimi! Mgongo ulikuwa baridi, nikajua, nikaliviringisha hivyo hivyo ili niende kuruka moto. Nilikudanganya."

Hasira aliyokuwa nayo Mama haikupata pa kukaa tena, maana nusu yake sasa ilikuwa inamrudia yeye.

"Bi Shokat," alisema mwishowe, "nimekuhukumu bila kukuuliza. Nisamehe, dada yangu. Nimeona haya."

"Maji yakimwagika hayazoleki," Bibi alisema kutoka kwenye kiti chake, "lakini anayeyamwaga anaweza kushika tambara. Mpe mtoto simu."

Mahbanu aliishika simu kwa mikono miwili. Alikuwa anajua kwamba mama yake Nasim angesikia, na Nasim, na mtaa mzima.

"Mimi ni Mahbanu," alisema. "Bi Shokat aliosha zulia vizuri. Mimi ndiye niliyeliweka ndani bichi, kisha nikasema uongo. Tafadhali mrudishieni kazi yake."

Kisha akapandisha mikono ya nguo. Yeye, Mama na Bi Shokat walipanda na zulia paani, wakaliosha upya kwa siki, wakasugua ukungu mpaka ukatoka. Kabla hawajamaliza, simu ya Bi Shokat ililia. Alikuwa Bi Mahin, anauliza kama bado ana nafasi.

"Ninayo," alijibu Bi Shokat, "ila leo nitachelewa kidogo. Nina mwanafunzi hapa." Mahbanu alicheka huku pua ikimchuruzika.

Ijumaa Mahbanu alikuwa paani tangu alfajiri. Aligeuza zulia, akalipapasa, akaligeuza tena. Alasiri, zilipobaki dakika arobaini mwaka ugeuke, uso ulikuwa mkavu na mgongo baridi. Akashuka.

"Bado, Bibi," alisema, akiogopa kumtazama. "Nadhiri yako nimeiharibu."

"Ala! Zulia haliwezi kushuka?" Bibi aliitafuta fimbo yake. "Basi mimi napanda."

Baba alimshika mkono mmoja, Mama mwingine. Kaveh alibeba sahani ya ngano, Mahbanu kioo na matufaha, vitu vya kuukaribishia mwaka. Bibi alipumzika kila baada ya ngazi tatu, akinung'unika kwamba aliyejenga nyumba hii hakuwa na magoti. Huko juu waliweka kiti chake kando ya zulia, akatandaza mkono wake juu ya ua jekundu. Redio iliponguruma kutangaza mwaka mpya, alikuwa akiugusa ukingo ulioingiwa na wekundu.

"Doa hili litabaki," alisema. "Liache. Sikiliza, mwanangu. Nyumba tumeikung'uta mpaka balbu, na uchafu mkubwa kuliko wote tukauviringisha wenyewe tukauficha nyuma ya magodoro. Uongo ni maji ndani ya zulia. Juu unaona pakavu, ndani panaoza, tena hapaozi peke yake, panaozesha na riziki ya mwenzio. Kosa lianike juani mapema."

"Nimesikia, Bibi," Mahbanu alisema, akambusu mkono.

Jumapili zulia lilishuka, na Bibi akaketi juu yake kama malkia. Wageni walipokuwa wengi, Bi Shokat akaingia na binti zake, viatu vyao vipya vikilia kwi kwi mpaka mlangoni. Alimsalimu Bibi, kisha akaja kwa Mahbanu aliyekuwa anapitisha chai. Akamwekea kiganja mgongoni, akakiacha hapo kitambo, uso wake ukiwa na uzito wa fundi anayepima kazi.

"Huyu," aliwaambia wote, "amekauka kabisa."