Nilimwacha Okestra Apige Peke Yake

"Mwalimu, nimepata kazi mji mwingine. Naondoka mwisho wa mwezi."

Aliyasema hayo huku vidole vyake vinapiga piano ya pili, wala hakunitazama. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye piano yangu, mikono mapajani, nikihesabu.

"Ngoja, usinipoteze hesabu," nikamwambia. "Karibu naingia."

Akaacha kupiga. Akafunga kitabu chake cha nota taratibu, na hapo ndipo nilipogundua nimesema upuuzi.

Huyu kaka chuo kizima kilimwita Okestra, na yeye aliniita Mwalimu kwa sababu jioni nafundisha watoto piano. Nilikuwa najiandaa kwa mtihani wa diploma, na kipande changu kilikuwa koncheto ya piano, ule muziki wa zamani ambao mpigaji mmoja wa piano anajibizana na okestra nzima. Chuo chetu hakikuwa na okestra. Kilikuwa na yeye. Alikaa kwenye piano ya pili akapiga sehemu za fidla, filimbi na tarumbeta zote kwa vidole vyake kumi. Na kwa kawaida ya koncheto, okestra ndiyo hufungua. Inapita kwenye nyimbo zote kuu, dakika mbili na ushee, mpigaji wa piano ametulia tu kama mgeni anayengoja kukaribishwa. Kisha anaingia, na macho yote yanahamia kwake.

Miezi saba Okestra alinifungulia. Tulipofika mwezi wa nne wa mazoezi akaniambia ananipenda na anataka kunioa. Nikamjibu, "Tuongee baada ya mtihani." Nilimpenda, hilo sifichi. Ila nilishafeli mara moja, kwenye maswali ya historia, na nikajiapiza kwamba safari hii hakuna kitakachonitoa kwenye mstari.

"Kazi gani?" nikamuuliza.

"Kupiga piano kwenye shule ya dansi. Nimeshasaini."

"Umesaini bila kuniambia?"

"Nikuambie kama nani?"

Nikageuka kwenye kiti nikamkabili.

"Ungesema, tungekaa tukaongea..."

"Baada ya mtihani," akamalizia yeye, akacheka kidogo. "Mwalimu, sina hasira na wewe. Nimechoka tu. Nafungua peke yangu, natandika kila kitu, wewe umekaa unahesabu. Kwenye muziki sawa, ndivyo ulivyoandikwa. Lakini hata nje ya muziki?"

"Kesho kwenye mtihani utakuja?"

"Nitakuja. Mimi si mtu wa kumwacha mtu jukwaani."

Akachukua mkoba wake akaondoka.

Nyumbani nilimkuta shangazi yangu, ninayeishi naye, ameinama kwenye cherehani. Anashona sare za shule, na siku hiyo alikuwa na pini nne mdomoni. Zote zikatoka aliponiona.

"Mbona uso umekushuka?"

"Okestra anahama."

"Yule kijana aliyenitengenezea cherehani na akakataa hata chai? Si alishakuambia anataka kukuoa? Ulimjibu nini?"

"Nilimwambia baada ya mtihani."

"Kwa hiyo mtu kaweka moyo wake mezani, wewe ukaufunika na sahani kama kiporo."

"Shangazi, nahitaji kusoma."

"Soma, mama, soma. Mimi niache na sare za watoto wa wenzangu."

Nikaingia chumbani, nikamtumia ujumbe: "Nisamehe."

Jibu lilichukua nusu saa: "Kesho saa nne. Usisahau kitambulisho."

Nikafungua kitabu cha historia ili nisilie. Ukurasa uliofunguka nilikuwa nimeupigia mistari kwa kalamu nyekundu. Ulieleza kwamba koncheto hizi zilipokuwa changa, zaidi ya miaka mia mbili iliyopita, mpigaji wa piano mara nyingi hakukaa bure wakati okestra inafungua. Alipiga nayo tangu mwanzo, akishika besi kwa mkono wa kushoto na kujazia kwa wa kulia, ili wenzake wawe na pa kuegemea. Mtindo wa kukaa kimya mpaka zamu yako ifike ulikuja kushika mizizi baadaye.

Nilikuwa nimeikariri habari hiyo kwa ajili ya alama tano. Safari hii niliisoma mara tatu, na kila mara aibu ilinizidi.

Kesho yake saa nne kasoro nilimkuta ukumbini, shati la bluu limepigwa pasi, kitabu chake kimeshawekwa. Akanisalimia vizuri, kama anavyosalimia watahiniwa wote. Hiyo iliniuma kuliko kama angenuna.

Mtahini alikuwa mama mmoja mwenye miwani iliyoning'inia kifuani. "Anzeni mkiwa tayari," akasema.

Okestra akaanza. Nami, badala ya kuweka mikono mapajani, nikaishusha kwenye piano nikaanza kushika besi, polepole, chini yake.

Akageuza shingo kwa kasi mpaka akakosea nota. Katika miezi saba sikuwahi kumsikia akikosea. Akaikamata ya pili, akapunguza mwendo kidogo, akawa anasikiliza. Alipopanda nilimshikia chini, alipotulia nikatulia. Zamu yangu rasmi ilipofika, nusura nisahau kwamba ndipo ninapotakiwa kuingia, maana nilikuwa nimo tayari. Sehemu ya tatu niliteleza mahali pawili, lakini tulimaliza pamoja, tumetoka jasho.

Mama akavaa miwani.

"Huo mwanzo. Kwenye nota zangu hapo piano imenyamaza."

Nikaeleza mambo ya besi na desturi ya zamani.

"Historia hiyo naijua," akasema. "Nauliza kwa nini ufanye hivyo leo. Mwenzako alionekana hana habari."

"Hakuwa na habari, mama."

"Sasa?"

Mambo yote niliyokariri yakanikimbia.

"Nimemwachia kazi yote peke yake kwa muda mrefu. Nimeona aibu."

Mama akanitazama, akamtazama Okestra, ambaye alikuwa anapanga karatasi zilizokuwa zimeshapangwa. Akaandika kitu.

"Hilo halimo kwenye muhtasari wa somo," akasema. "Tuje kwenye muundo. Koncheto yako ina sehemu ngapi, na ya katikati ina mwendo gani?"

"Tatu, mama. Ya katikati ni ya taratibu."

Yaliyofuata niliyajibu yote.

Nje ya mlango, kwenye kibaraza, watahiniwa wanne walikuwa wamekaa kwenye benchi wakipekua nota zao. Okestra alinifuata mpaka hapo.

"Umenikosesha nota mbele ya mtahini."

"Lakini umeelewa nilichokuwa nasema?"

"Nimeelewa kwamba historia umeisoma."

"Okestra, jamani..."

"Hapana, Mwalimu. Usinifanye nikae natafsiri. Mimi nilikuuliza kwa mdomo. Nijibu kwa mdomo."

Kwenye benchi kurasa zikaacha kufunuliwa. Nikawaona wote wanne wananitazama.

"Nakupenda," nikasema. "Nilikupenda kabla hujasema. Niliogopa kwamba nikikuitikia nitasahau kusoma, nifeli tena, halafu unione sifai. Nataka unioe. Hata matokeo yakija mabaya, bado nataka."



"Nimesaini mwaka mzima," akasema.

"Huko hakuna watoto wa kufundishwa piano?"

"Wapo wengi."

"Basi tunahama wawili. Shangazi atalia siku mbili, ya tatu atauliza kama kuna chumba cha wageni."

Mzee mmoja, mtahiniwa aliyekuwa mwisho wa benchi, akakohoa.

"Kijana, mjibu binti wa watu. Ninayefuata ni mimi, na unaponipigia nataka uwe na akili zako."

Okestra akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaegemea ukuta, kisha akanishika mkono mbele ya watu wote.

"Nimekubali," akasema. Halafu akakumbuka kwamba mwombaji alikuwa yeye. "Namaanisha asante."

Mlango ukafunguka, mama akatoa kichwa.

"Anayefuata. Na wewe wa piano ya pili, anayekufunulia kurasa yuko wapi? Umefika ukurasa wa mwisho ukiufunua kwa meno."

"Hajafika, mama. Amepiga simu, mtoto wake anaumwa."

"Nitafunua mimi," nikasema.

Mama akatutazama, mikono yetu ikiwa bado imeshikana.

"Kufunua tu," akasema. "Usiguse piano."

Nikasimama kushotoni kwa Okestra mpaka saa tisa alasiri. Watahiniwa wanne, koncheto nne, na kila mara yeye ndiye aliyefungua. Kila ilipobaki mistari miwili ukurasa uishe, aliniinamishia kichwa kidogo, nami nikafunua. Mtihani wangu ulikuwa umekwisha, matokeo sikuyajua, miguu iliniuma, na sikutaka siku hiyo iishe.