Mokami Apewa Muda

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shambani, Agustina wa kijiji cha Busawe alimwandaa binti yake kwenda shule. Alimnawisha uso. Alimvalisha sare na kumfunga vifungo vyote. Alimlisha uji kijiko kwa kijiko, kisha akambebea begi mpaka mlangoni pa darasa la awali. Mokami alikuwa na miaka mitano. Yeye alisimama tu, mikono imelegea, akingoja mama amalize.

Agustina hakuona kosa. Kabla ya Mokami alizaa mtoto aliyeishi wiki tatu tu. Kwa hiyo huyu alimlea kama yai. Mtu akimuuliza Mokami jina lake, mama ndiye aliyejibu.

Mwezi wa pili wa shule, Mokami alianza kurudi nyumbani sare imelowa mkojo. Alipoulizwa, alilia tu. Baba yake, Athanas, alisema walimu hawajali. Watoto wanaachwa wachezee vizibo vya soda, na daftari la Mokami halina hata ukurasa mmoja uliojaa. Wakakubaliana wamtoe, akae nyumbani mpaka afikie darasa la kwanza.

Kesho yake Agustina akaenda na Mokami shuleni kutoa taarifa. Alikuwa na hasira, lakini alimwamkia Mwalimu Modesta shikamoo, maana mwalimu alimzidi umri sana. Mwalimu alimsikiliza bila kubishana. Kisha akamwomba jambo moja: akae nyuma ya darasa asubuhi hiyo, asimsaidie Mokami kwa lolote.

Agustina akakaa kwenye mkeka. Watoto walijichagulia kazi. Wengine walipanga vizibo na kuvihesabu. Wengine walifungua duka la kuigiza, wakauziana magunzi. Mtoto mmoja alimwaga maji, akachukua kitambaa mwenyewe akafuta. Mwalimu alizunguka akiwauliza wanajenga nini, na kwa nini kimeanguka. Hakuwapa majibu.

Mokami alisimama ukutani. Mara akaanza kubana miguu. Agustina alielewa, akanyanyuka. Mwalimu akamwonesha kwa mkono akae, kisha akapiga magoti mbele ya mtoto.

"Unataka nini, Mokami?"

Mtoto akamtazama mama yake. Mwalimu akangoja. Mokami hakusema kitu, na mkojo ukamtoka.

Agustina aliona aibu, kisha uchungu. Mwalimu alimshika mtoto mkono taratibu, akampeleka nje kumbadilisha nguo. Wakati wa uji akaja kukaa karibu na Agustina.

"Mama Mokami, mtoto wako ana akili nzuri. Ila hajazoea kuomba, kwa sababu wewe unamsemea. Na hawezi kufungua kifungo, kwa sababu hajawahi kukishika."

"Nampenda, mwalimu."

"Najua. Ndiyo maana nakuambia."

Akamweleza kwamba katika umri ule mtoto hujifunza kwa kucheza. Kwenye vizibo anajifunza hesabu. Kwenye duka anajifunza kuongea na watu. Kuandika kutakuja vidole vikipata nguvu. Nyumbani, mama amwachie kazi anazoziweza. Amwoneshe polepole, kisha angoje. Akikosea, asimnyang'anye. Akijaribu, amsifu. Moto na panga tu ndivyo viwekwe mbali naye.

Agustina akaghairi kumtoa mtoto shuleni, lakini aliona kungoja ni kazi ngumu kuliko kulima. Siku ya kwanza, kifungo kimoja kilichukua muda mpaka uji ukapoa. Alikalia mikono yake ili isimsaidie mtoto. Athanas alilalamika kwamba wanachelewa shambani, basi Agustina akaanza kumwamsha Mokami mapema zaidi. Kuna siku shati lilifungwa upande. Mama akamwacha aende hivyo hivyo. Uji ulimwagika mara nyingi, na Mokami akajifunza kufuta. Jioni moja Athanas, bila kuambiwa na mtu, aling'oa msumari wa kutundikia sare akaupigilia chini, mtoto aufikie. Baada ya wiki tatu, sare ilianza kurudi kavu.

Mwezi wa tano, Mokami aliamka analia, ameshika kichwa. Agustina akampeleka zahanati. Muuguzi akauliza mtoto anaumwa nini. Agustina alifungua mdomo kusema ni malaria, kisha akaufunga. Akamgeukia binti yake.

"Mwambie mwenyewe, mama."

Mokami akamtazama. Watu waliokuwa kwenye benchi walianza kunong'ona. Agustina akangoja.

"Ni sikio," Mokami akasema hatimaye. "Hili hapa. Jana niliingiza punje ya mtama. Haitoki."

Muuguzi akamulika kwa tochi, akaiona. Akaitoa kwa uangalifu. Alisema ni vizuri hawakulichokonoa sikio kwa kijiti nyumbani, na kwamba punje ile ingekaa siku nyingi, sikio lingetoa usaha. Kisha akamwambia Mokami kuwa amemrahisishia kazi, maana watoto wengi hulia tu. Mokami akauliza kama anaweza kuiona punje yenyewe. Akaoneshwa.

Walipotoka nje, Agustina aliinama ambebe mgongoni kama alivyozoea. Mokami akatikisa kichwa. Alitaka kutembea. Mama akanyooka, akapunguza hatua zake, na wote wawili wakarudi nyumbani kwa mwendo wa mtoto.