Mshahara wa Mzungu Nimeupata kwa Vidole vya Rafiki Yangu

Nina miaka thelathini na mmoja, baba wa binti mmoja, na kila mwisho wa mwezi ninapokea mshahara ambao majirani zangu wa mtaa wa Katuba wanauota tu. Mke wangu hagusi hata faranga moja ya mshahara huo. Nitawaeleza kwa nini... na mkitaka kunilaani, ngojeni kwanza nimalize.

Nilizaliwa Kabongo, nikakulia hapa Lubumbashi, mji ambao Wazungu wanauita Élisabethville. Baba alikuwa mtu wa reli. Mimi mapadri walinisomesha, nikaingia hospitali moja kubwa kama msaidizi katika chumba cha radiumu.

Wengi wenu hamkijui chumba hicho, na Mungu awaepushe! Hapo wanatibiwa wanawake wenye kansa ya kizazi. Daktari anamwingizia mgonjwa sindano ndogo zenye radiumu, na mionzi yake inaunguza uvimbe. Kazi yetu wasaidizi ilikuwa kuzitoa sindano kwenye kasha zito la madini ya risasi, kuzisafisha na kuzirudisha. Tulizishika kwa koleo ndefu, kamwe si kwa mkono.

Kwa nini nilikubali kazi ya hatari namna hiyo? Mshahara! Juu ya malipo ya msaidizi kulikuwa na nyongeza ya mionzi, tuliyoiita prime. Bila prime tulikuwa hatuwapiti wafagiaji. Na juu yetu alikuwapo fundi mkuu, Mzungu, aliyelipwa mara tano yetu kwa kazi ileile.

Msaidizi mwenzangu aliitwa Donatien. Mimi ndiye niliyemfundisha hata kushika koleo. Nilimpenda mpaka nikamfanya parrain wa binti yangu Godelive, baba yake wa ubatizo. Adhuhuri tulikula bukari, ugali wetu, sahani moja, mimi na yeye.

Sasa sikilizeni vizuri. Kila mmoja wetu alibandika kwenye koti, kifuani, filimu ndogo ndani ya kifuko. Mionzi ikiipata, filimu inakuwa nyeusi. Mwisho wa mwezi daktari alizisafisha na kuzisoma. Ikitoka nyeusi miezi miwili mfululizo, unaondolewa kwenye radiumu kwa ajili ya afya yako... na prime inakwenda na maji.

Jimbo letu la Katanga lilipojitenga na Kongo, Wazungu wengi walikimbilia Rhodesia. Fundi mkuu naye alifunga mizigo. Daktari akatuita, akasema mmoja wetu atachukua nafasi ile pamoja na mshahara wake wote. Mmoja tu. Mimi nilikuwa na miaka sita kazini, Donatien mitatu. Jibu lilikuwa wazi, au sivyo?

Mwezi ule filimu yangu ikatoka nyeusi. Mwezi uliofuata, nyeusi tena kama masizi! Niliapa kwa daktari kwamba sijawahi kugusa sindano kwa mkono. Alinipiga bega, akasema ananiokoa. Nikapelekwa chumba cha mashuka na taulo. Donatien akapewa kiti cha Mzungu.

Alinunua pikipiki. Akamjengea mama yake nyumba ya matofali. Mimi nilikuwa nakunja mashuka.

Na balaa haliji peke yake. Wazazi wa mke wangu Anastasie walikuwa watu wa Kasai. Chuki ya siku zile dhidi ya watu wa Kasai ilipowaka, walikimbia nyumba yao wakaingia katika kambi ya wakimbizi. Kwa mshahara wa mashuka niliweza kuwapelekea unga kidogo tu. Baba mkwe alishikwa na kuhara mle kambini, na pesa ya dawa sikuwa nayo. Tukamzika mwezi uleule. Mke wangu hakunilaumu, na hilo liliniuma zaidi.

Siku moja mama mmoja mfagiaji alikuja kuchukua matambara kwangu. Katika mazungumzo akasema, kama mtu anayekumbusha jambo la zamani:

"Baba, ile filimu yako uliyosahauka juu ya kasha ya radiumu, nilitakaka kukuletea. Ba Donatien akanikataza. Anasema, wacha, mwenyewe atakuja kuichukua."

Nikamuuliza ilikuwa saa ngapi. Adhuhuri, akasema. Zaidi ya mara moja.

Desturi yetu ilikuwa kuvua makoti kabla ya kula, maana mtu hali bukari na koti la wagonjwa. Donatien kila mara alikwenda kunawa wa mwisho. Alikuwa anachukua filimu kwenye koti langu, anailaza juu ya kasha wazi lenye sindano, kisha anakuja kumega bukari yangu! Kweli kikulacho ki nguoni mwako.

Nilitaka kumvunja shingo. Lakini nilijiuliza, nani angemwamini mfagiaji mbele ya fundi mkuu? Nikamtazama tu. Na Mungu, au shetani, akanionyesha njia.

Kila asubuhi Donatien alikuja kwangu kuchukua taulo. Niliona ngozi ya vidole vyake imekauka na kupasuka. Wiki chache baadaye kucha zikaanza kuwa nyeusi. Nilielewa mara moja. Wagonjwa walikuwa wengi, wafanyakazi wachache, na daktari alimwongezea malipo kwa kila mgonjwa. Koleo zinachelewesha, basi alikuwa anashika sindano kwa vidole! Na filimu yake? Siku moja nikipeleka mashuka niliiona kwa macho yangu ndani ya droo, ameificha mbali na mionzi. Nani alijua kuliko yeye jinsi filimu nyeusi inavyomwondoa mtu kazini?

Neno moja langu kwa daktari lingemtoa pale. Angepoteza mshahara, lakini angebaki na mikono yake.

Neno hilo sikulisema.

Nilimpa taulo. Nilimwambia ni baridi kavu ya miezi isiyo na mvua, apake mafuta ya mawese. Ndiyo, nilimwambia hivyo! Jioni nilirudi nyumbani nikiimba. Kila kidonda kilichofunguka nilikihesabu kuwa malipo ya baba mkwe wangu. Nilifanya hivyo mwaka mzima na zaidi, mabomu ya vita vya Katanga yakianguka mjini na kunyamaza, na furaha yangu haikupungua.

Mwishowe walimkata vidole vitatu vya mkono wa kulia.

Mnajua alifanya nini akiwa bado kitandani? Alimwita daktari, akaungama kwamba filimu zangu alizichafua yeye. Hakuna aliyemlazimisha. Daktari akanirudisha kwenye radiumu, akanipa nafasi ya fundi mkuu, mshahara wote wa Mzungu. Nilishinda!

Kujitenga kulipokwisha na bendera ya Katanga kushushwa, Donatien alikuja nyumbani. Alikaa, akaomba msamaha kwangu na kwa Anastasie. Mke wangu alilia, akamwekea bukari. Alijaribu kumega kwa mkono uliobaki na vidole viwili, tonge likaanguka. Akanitazama.

"Mwenzangu, kila asubui ulikuwa unaona mikono yangu?"

Ningeweza kudanganya. Lakini nilitaka ajue! Nilitaka ajue kwamba na mimi nilimlipa.

"Nilikuwa naona," nikasema. "Tangu kucha ya kwanza."

Aliinama, akaaga, akaenda. Anastasie alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko. Alisikia yote.

Mwisho wa mwezi nilimletea bahasha ya mshahara, ile tuliyoililia miaka yote. Akairudisha mezani.

"Baba Godelive, mi siwezi kula bidole bya muntu."

Baba yake ndiye aliyekufa kwa kukosa pesa hiyo, lakini haigusi. Anauza mkaa na ndakala, vile visamaki vikavu, sokoni, na Godelive anakula cha mama yake. Mimi ninakula peke yangu, nyama kila siku. Kuna siku bado ninafurahi nikikumbuka ule mkono... nisiwafiche. Kisha ninavaa koti, na adhuhuri siwezi kulivua. Ninakula nalo, huku nimeishika filimu yangu kifuani, nikiogopa mtu asije akanifanyia kama Donatien. Mama mfagiaji yule naye sasa amesikia habari yangu, na hanisalimii tena.

Ndugu msomaji, mtu akikuonea, mpeleke mbele ya wakubwa, mpigie kelele, mchukie kama unaweza. Lakini ukiona anaungua na wewe unajua, sema! Sema siku ileile, kwenye kucha ya kwanza. Mimi sikusema, na sasa mshahara wote ni wangu, hakuna wa kuula nami.