Zamu ya Kukaa Nje

Wambura akisikia nimeyasimulia haya atanuna. Anune tu. Roho yangu haijatulia tangu Januari.

Jumamosi ile sikuwa na shifti. Mimi nafua mashuka kwenye hoteli moja Bloomington, huku ughaibuni, kwa hiyo siku ya mapumziko sitaki kuona hata leso. Nilibandika maharage, nikapiga simu Musoma, nikacheka na mama weee. Nje theluji, ndani mabomba ya joto yanagonga ukutani, kawaida ya maghorofa haya ya zamani ya hapa Hopkins tunakokaa. Wambura, binamu yangu ninayeishi naye, alikuwa sebuleni na kompyuta. Anasomea katuni chuoni. Midomo ndiyo ufundi wake: kila sauti ina mdomo wake, na televisheni ikizimwa sauti yeye anakuambia mtu anasema nini. Umbea wa kisomi, huwa namtania.

Kazi aliyokuwa nayo ni ya jirani yetu wa juu, Mama Gentille, Mkongo wa Kivu. Kanisa lao lilikuwa na ibada ya shukrani, naye alitaka katuni fupi ya safari yao: yeye, mumewe Byamungu, kijana wao Bahizire, na Gentille wa miaka saba, wakitembea kutoka milimani hadi kambini, kisha hadi huku kwenye theluji. Wambura akamkumbusha kwamba Gentille alizaliwa kambini.

"Umuchore tu," Mama Gentille alisema. "Anatembea na sisi."

Huyo Gentille tulimpenda kama wetu. Kila siku yuko kwetu na koti lake la zambarau, anadoea chapati. Ukimsemesha Kiswahili anaelewa kila neno, ila atakujibu kwa Kiingereza, kama watoto wote wa hapa.

"Dada Noela," Wambura aliniita. "Njoo uone."

Kwenye programu ile kuna mstatili, ndiyo fremu ya kamera. Kilichomo ndani ndicho watu watakachoona. Nje ya fremu mchoraji anaegesha vitu vyake: miti, mawingu, watu wanaosubiri kuingia. Na huko nje, upande wa kushoto, kando ya barabara, palikuwa na mtoto amekaa, ametugeuzia mgongo. Mguu mmoja una ndala. Mwingine mtupu.

"Umechora vizuri," nikasema.

"Sijamchora mimi."

Nilimcheka. Nikamwambia usingizi haununuliwi, akalale. Akamfuta. Tukala maharage, tukarudi. Mtoto yupo. Sasa amesimama, na amesogea karibu na fremu.

Hapo ndipo niliposema neno ninalolijutia. Kuna kitufe kinachofunika nje yote kwa weusi, ibaki fremu peke yake. Nikamwambia, "Ifunike bwana, umalize kazi ya watu. Kisichoonekana hakina kesi." Akabofya. Pakawa peusi.

Jumatatu Bahizire alimkuta Gentille amesimama kwenye theluji nyuma ya jengo. Hana koti. Baridi ile inakata masikio! Jumanne hivyo hivyo. Jumatano nilimkuta mimi, midomo imekuwa ya bluu. Nikambeba, nikamuuliza, mwanangu, unataka kufa? Akajibu kwa Kiingereza kwamba yule dada wa chini anasema yeye amechoka, sasa ni zamu ya Gentille kukaa nje.

"Dada yupi wa chini?"

Akaonyesha mlango wetu.

Nilimrudisha kwa kaka yake, nikamvisha lile koti la zambarau mwenyewe, nikalifunga zipu hadi kidevuni. Kisha nikamwambia Wambura aondoe weusi.

Mtoto alikuwa ameshika mstari wa fremu kwa vidole. Upande wa pili, Gentille aliyechorwa alikuwa na mguu mmoja nje.

"Mwite mama yake," nikanong'ona.

Mama Gentille alikuja na kanga kichwani, anacheka. Akatazama kioo cha kompyuta. Kicheko kikakatika. Hakutazama uso wa yule mtoto. Alitazama ile ndala.

"Ule ni Gentille," alisema.

"Gentille si yuko juu?"

"Wa kwanza. Tulikimbia, risasi zinalia. Kufika ng'ambo ya mto tukahesabu. Hakuwepo." Alikuwa anasema polepole sana. "Sikumulilia. Nilisema nikimulilia, njo nitakuwa nimemuua. Kisha huyu akazaliwa, tukamupa jina yake."

Miaka yote ninamwita Mama Gentille, kumbe jina hilo alikuwa nalo kabla huyu wa juu hajazaliwa.

Akagusa kioo. Machozi yanamtoka.

"Usimwite," nikasema. "Mama Gentille, nakusihi."

Ningekuwa mimi, ningeweza kunyamaza? Sijui.

"Kuya, mama," alimwita yule mtoto. "Kuya kwetu. Baridi iko mingi."

Juu, mlango ukajibamiza.

Tulikimbia nje. Gentille alikuwa kwenye ngazi za nje, uso kwetu, anatetemeka. Koti hana. Zipu niliifunga mimi. Mguu mmoja una kiatu. Mwingine mtupu.

"Mama," alisema. "Niko na baridi. Mulikawia sana."

Kwa Kiswahili. Kile cha milimani.

Mama yake alimkumbatia mpaka wakaanguka wote wawili kwenye theluji.

Jumapili katuni ilionyeshwa kanisani. Watu wanne, barabara, kambi, theluji. Walilia, wakapiga vigelegele. Gentille alikaa mbele, ametulia. Sasa anakula ugali na sombe, kisamvu cha kwao, bila kusukumwa. Shuleni walimu wanashangaa Kiingereza chote kimekwenda wapi. Mama Gentille anaimba siku nzima. Bahizire hakai tena karibu na dada yake. Koti la zambarau tulilitafuta mpaka theluji ikayeyuka.

Wambura bado analo lile faili. Hathubutu kulifuta. Nje ya fremu, upande wa kulia, kuna mtoto mwenye koti la zambarau. Hayupo kwenye orodha ya michoro, kwa hiyo hakamatiki kwa kipanya wala havutwi kurudishwa ndani. Nimemkataza Wambura asimfunike tena. Kompyuta inawaka usiku na mchana, na mimi nikitoka kazini huwa naketi na yule mtoto kidogo.

Uso ametuelekezea sisi. Mdomo unabadilika, picha baada ya picha. Wambura alikataa kuusoma. Juzi nikamlazimisha. Alisogeza picha moja moja, akafika mwisho, akajifunika uso kwa mikono.

"Anaongea Kiingereza," akasema. "Anakuuliza wewe, dada. Anauliza zamu yake inaisha lini."