Aliyemtongoza Mkewe

Asubuhi, sokoni Amu, mjini Lamu, mbele ya ngome, mtu hukanyagwa asiombwe radhi. Siku hiyo, kati ya mapakacha ya samaki na makanda ya mtama, bibi mmoja wa buibui jipya alikuwa akibishana na Mwanamkisi, muuza vikuba, vishada vya asumini vya kujinukishia.

"Asumini hii ni ya yana, Mwanamkisi. Imelala fofofo. Wataka niinunue ili niiamshe?"

Waliokuwa karibu wakacheka. Aliyecheka kuliko wote alikuwa Kamaludin, muuza vitambaa, kanzu yake ya melimeli imepigwa pasi, kofia imekaa upande, mtu aliyejipenda mpaka vidole vya miguu.

"Bibi," akasema, "lau nyumbani mwangu mngekuwa na ulimi kama huu, dukani singekwenda."

Bibi akamgeukia. Uso wake wote ulikuwa ndani ya ukaya.

"Mpe kikuba kizuri, Mwanamkisi, ntalipa mimi. Nawe kipenzi, nambie kwenu ni wapi, niye niulize, nipose kama watu."

"Nifuata," bibi akajibu kwa sauti ya chini. "Utakuyua."

Sasa, msomaji, usimcheke Kamaludin kabla hujajua mambo ya mji ule. Hapo zamani bibi wa nyumba kubwa alitoka chini ya shiraa, kitambaa kipana kilichoinuliwa kwa miti na watumwa, yeye akatembea ndani yake haonekani hata unyayo. Sheria ya Mwingereza ilipowaacha watumwa huru, shiraa ikakosa wa kuibeba, na mabibi wakaanza kuvaa buibui. Kwa hiyo katika miaka sita ya ndoa, Kamaludin hakupata kumwona mkewe akitembea njiani. Hilo namsamehe. La sauti simsamehe. Nyumbani sauti ile hakuiuliza neno ila kama chakula ki tayari, ikamjibu ki tayari, yakaishia hapo.

Basi akafuata. Vichochoro vya mtaa wa Mkomani vyembamba, watu wamekaa barazani, na kila mmoja akamwona akirekebisha kofia nyuma ya buibui. Bibi akaingia kwenye daka la nyumba moja, kile kibaraza cha mlangoni, akasimama. Kamaludin akautazama mlango. Alikuwa ameufunga mwenyewe asubuhi ile. Akadhani yule bibi ni shoga ya mkewe, akarudi hatua moja nyuma.

Bibi akafunua uso.

"Karibu kwenu, Bwana Kamaludin," akasema Saadiya, mkewe.

Haya haikukaa kwa Kamaludin hata kidogo, iligeuka hasira papo hapo. "Umenitembeza mui mzima, mtaa kwa mtaa, kama mbuzi wa akika. Na nani aliyekupa ruhusa ya kutoka?"

"Miaka sita nafukiza udi, nakuvalia, nakungoja. Hujaniita kipenzi hata siku moya. Kumbe neno unalo, ulikuwa wawawekea wanawake wa ndiani."

"Sikukuyua."

"Ndilo linaloniumiza." Akakitupa kikuba chini. "Na usinipigie kelele. Nyumba hii babangu alinijengea mimi. Wa kutoka ni wewe."

"Basi nakuacha."

"Hata mimi nataka kuachwa. Lakini usinitupie talaka hapa mlangoni kama maji ya samaki. Niliozwa sikuulizwa. Kuachwa ntaulizwa. Twende kwa Kadhi sote wawili, isemwe mbele yake kuwa na mimi nimetaka."

"Twende."

Lilikuwa jambo la kwanza walilokubaliana tangu waoane.

Kadhi, mzee mpole aliyechoka na ugomvi wa watu, aliwaomba wapatane. Wakakataa kwa pamoja. Akawaeleza kwamba wanaoachana kwa radhi ya wote wawili husameheana kwanza kila haki na kila lawama, wasidaiane tena duniani wala akhera.

"Nimemsamehe," Kamaludin akasema upesi, apate kwenda zake.

"Mimi bado," akasema Saadiya. "Na aseme kwanza alilotenda."

Kamaludin akaangalia mkeka. "Nilimtongoza mwanamke sokoni."

"Mwanamke yupi?" Kadhi akauliza.

"Huyu."

Karani aliyekuwa akiandika akajitia kukohoa. Kadhi hakucheka. "Bi Saadiya, mtu kumtongoza mkewe si kosa katika sharia."

"Hakuyua kuwa ni mkewe, Sheikh. Hakuniyua kwa sauti wala kwa lolote. Miaka sita nimeishi na mtu nisiyeyulikana naye, nami wataka nimsamehe kwa neno moya?"

Kamaludin akashindwa kujizuia. "Ungalisema nyumbani kama ulivyosema sokoni, ngalikuyua."

"Ungaliniuliza neno, ngalisema."

Kamaludin akakumbuka alivyocheka pale sokoni, na akaona uchungu mkubwa, maana hakukumbuka kuwahi kucheka namna ile ndani ya nyumba yake. "Kweli," akasema mwisho. "Sikukuuliza."

Machozi yakamtoka Saadiya, na aliyachukia. "Nimemsamehe," akasema. Kamaludin akatamka talaka, na wakawa si mtu na mkewe tena.

Saadiya akafunika uso, akatangulia kutoka. Nje kulikuwa na wanawake kadhaa wakingoja zamu zao, wote wa buibui, wote wamefunika nyuso. Kamaludin akasimama akiwatazama. Kisha akamwendea mmoja moja kwa moja, yule aliyekuwa akitembea kwa hasira, kisigino kikipiga chini kwa nguvu.

"Bi Saadiya."

Akasimama. "Umeniyuaye?"

"Nimekufuata yeo mui mzima. Hatua zako nazitambua. Kipenzi, nambie kwenu ni wapi, niye niulize, nipose kama watu."

"Mimi si mkeo. Usiniite kipenzi ndiani." Sauti ilikuwa bado kali. "Kwa babangu wakuyua. Kama una haja, nenda. Na mwambie mara hii aniulize mimi kwanza."

"Akikuuliza, utamjibuni?"

"Siyui. Nina hasira nawe mpaka kitwa chaniuma. Huenda nikakataa."

Akaondoka. Kamaludin akamtazama mpaka alipokata kona, wala hakumfuata. Alishika njia ya kwa baba yake Saadiya.