Ombi Lililopigwa Bila Kusomwa

Upepo wa stesheni ya treni ya Waverley ulimpokonya Murdo Geddes karatasi zake mbele ya abiria wote. Ishbel Rintoul, aliyevaa koti jekundu na viatu vya kwenda dansi, aliikanyaga moja, akaiokota, akautambua mwandiko.

"Kumbe ni wewe," alisema. "Sifuri zako zinazofanana na herufi O zimenitoa machozi mwaka mzima."

Murdo alikuwa mtafiti wa chuo, akiifundisha kompyuta kuelewa maneno ya watu. Ishbel alikuwa mwenzetu katika chumba cha kutoboa kadi: watafiti waliandika kwa mkono, nasi tukapiga kila herufi kwenye kadi ili mashine isome. Jioni hiyo walikula samaki na chipsi, na kabla ya Krismasi jengo zima lilishajua. Effie, aliyekaa naye meza moja, alimtania Ishbel kwamba huyo bwana atamwita mkewe kwa namba.

Kisha wakubwa wa London wakasema mashine kuelewa ni ndoto, fungu la fedha za utafiti likakatwa. Murdo akaitwa kazini California, ajibu ndani ya wiki. Alijua Ishbel hawezi kumwacha mama yake aliyepooza. Na kwa kuwa kusema kulimshinda, aliandika katikati ya programu, kwenye mstari wa maelezo ambao mashine huuruka: "Ishbel, nikuoe? Ukikubali, siendi popote."

Lakini sheria ya chumba chetu ni moja: piga unachokiona, usisome. Anayesoma hukosea. Ishbel alilipiga ombi lake mwenyewe huku akimlalamikia Effie kwamba Murdo ni mzito wa kusema. Effie akalipiga tena kuhakiki. Halikuwa na kosa hata moja.

Murdo akangoja. Wiki ikaisha, akachukua kimya kuwa jibu, akasaini mkataba wa California, akaanza kupita mlango wa nyuma ili asikutane naye. Ishbel akaamini kapata mwingine.

Wiki tatu baadaye kadi moja iliraruka mashineni, Ishbel akaletewa airudie. Kadi moja, iliyochanika, lazima uisome ili ujue herufi zilizopotea, na hii ilikuwa ile yenye ombi. Akapiga simu palepale, sote tukisikia.

"Murdo, nimeisoma sasa hivi."

"Uliipiga mwenyewe, mpenzi."

"Niliipiga. Sikuisoma."

Murdo akasema nafasi yake chuoni imeshafutwa, ndege ni kesho. "Twende wote."

"Na mama nimwache na nani?"

Ishbel alifunika mkonga wa simu, akatugeukia wanawake kumi na wawili, kama vile mmoja wetu ana la kumwambia. Akaurudisha sikioni.

"Uliniuliza swali," alisema. "Jibu ni ndiyo. Nilitaka tu ulisikie."